Mashine ya kupumulia haimtibu mtu, wala haimuui

Hapa Tabora ukisema fulani kawekwa mashine, hujamaliza sentensi watu washaanza kuulizana nani atampigia shangazi wa Urambo na maturubai yatatoka kwa nani. Sitanii. Majuzi niko kwenye bajaji natoka Ipuli, nimevaa koti juu ya nguo za kazi, abiria mwenzangu anamhadithia dereva habari za jirani yao, anasema wamemuingiza mpira mdomoni kule ICU, "pale wanasubiri tu ndugu wa mbali wafike". Dereva akaguna, akasema ndo hivyo mama, ukishawekwa ile kitu ndo basi tena. Mimi nimetoka naiti, macho yanawaka moto, nguvu ya kubishana na mtu sina, nikashuka zangu sokoni. Ila maneno yale yamenikaa, na kwa kuwa kuandika hakunilazimu kupandisha sauti, acha niandike.

Mimi ni nesi wa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi. Hospitali siitaji, na wagonjwa nitakaowasema humu nimewachanganya makusudi, umri nimebadilisha, kijiji nimebadilisha, maneno ya mama huyu nimempa yule, kwa hiyo usianze kutafuta ni nani.

Hofu ya watu naielewa vizuri. Anayefikishwa kwenye ventileta, ndo hiyo mashine ya kupumulia, ni yule ambaye vingine vyote vimeshashindikana, oksijeni ya puani imegoma, ya barakoa imegoma, anapumua mara arobaini kwa dakika na misuli ya shingo ndo inafanya kazi ya kifua, mwishowe anachoka. Watu wa namna hiyo wengi wanakufa hata ukiwapeleka wapi. Sasa ndugu anachokiona yeye ni mfuatano: aliingia akiwa anaongea, wakamchoma sindano akalala, wakamuwekea mpira, baada ya siku mbili akafa. Ukiwa umekaa nje ya mlango wa ICU kwa nini usiseme mashine ndo imemuua? Halafu ikaja korona, simu za watu zikajaa picha za wagonjwa wa Ulaya wamelala na mipira mdomoni, hofu ikapata na picha kabisa.

Ila wapo na wa upande wa pili, na hawa hawasemwi sana. Unakuta mzee saratani imeshamaliza mapafu, familia inakuja na bahasha, "mwekeni mashine sista, hela tutatafuta, ng'ombe wapo". Huyu na yule wa kwenye bajaji wanabishana lakini wamekosea sehemu moja, wote wanadhani mashine ndo inayofanya kitu. Ventileta inajua kazi moja tu, kusukuma hewa iingie na kuiacha itoke. Haiui vimelea vya malaria, haikaushi usaha wa nimonia, haitoi sumu mwilini. Inabeba kazi ya kupumua wakati dawa na mwili wenyewe vinapambana na kilichomleta mtu hospitali. Kama kilichomleta kina mwisho, anatoka. Kama hakina mwisho mashine itasukuma hewa tu mpaka mtu aizime. Na muda wote huo inaposukuma, lazima awepo binadamu pembeni anafanya vitu vidogo vidogo ambavyo mashine haiviwezi, na huyo binadamu ndo ambaye hatumuongelei. Tunaongelea mashine ngapi zimeletwa, zimepokelewa na nani, picha zimepigwa.

Mfano wa kilicho na mwisho ni sumu ya shambani. Ukanda wetu ni wa tumbaku, Urambo, Kaliua, Sikonge, dawa za wadudu zimejaa majumbani, na tabia mbaya tuliyonayo ni kuzimimina kwenye chupa za soda na za maji. Kijana katoka kumwagilia kitalu, jua la mwezi wa kumi unalijua, kaona chupa ya soda kwenye kona ya stoo, kagugumia mafunda mawili kabla ulimi haujashtuka.

Nyingi ya dawa hizo ni za kundi la oganofosfeti. Kuna kimeng'enya mwilini kazi yake ni kuzima ujumbe neva ikishamaliza kuuambia msuli au tezi, sumu hii inakifunga, kwa hiyo kila kitu kinabaki kimewashwa, mate yanatiririka, machozi, jasho, kuhara, mkojo unajiachia, mapafu yanajaa majimaji yake yenyewe, mboni za macho zinasinyaa mpaka unazitafuta kwa tochi. Dawa yake ni atropini, na hii sio ya kuchoma sindano moja ukaenda kunywa chai. Unampa, unasubiri dakika tano, kifua bado kinabubujika, unampa mara mbili ya ile ya kwanza, tena mara mbili yake, mpaka ukiweka stetoskopu usikie kikavu. Kuna usiku mtu mmoja anamaliza maboksi mpaka mfamasia anapiga simu kuuliza huko kuna nini.

Kijana wetu akakauka vizuri. Kesho yake anaongea, anaomba ugali, baba yake mdogo kashapiga simu kijijini kwamba mtoto kapona. Hicho ndo kipindi ambacho mimi mgonjwa wa sumu simuamini hata kidogo. Kati ya saa 24 na 96 baada ya kunywa linaweza kuja wimbi la pili, mate hayarudi ila misuli inalegea, shingo kwanza, halafu mabega na mapaja, halafu ile ya kupumulia. Kipimo chake hakihitaji kifaa chochote, unamwambia inua kichwa kutoka kwenye mto. Asubuhi aliinua. Jioni nikamwambia tena, akacheka kwa aibu, "sista, kichwa kimekuwa kizito". Monita ilikuwa bado inasoma oksijeni 96 na mtu asiyejua angeiona hiyo 96 akaondoka zake ameridhika, lakini nikamwambia ahesabu kwa pumzi moja bila kuvuta nyingine, mtu mzima mwenye afya anapita thelathini bila shida, yeye akaishia tisa, baada ya saa moja sita. Nikamuita dokta.

Baba mdogo hakutaka kusikia. "Jana alikuwa anaongea, leo mnataka kumuweka mashine, mmemfanya nini huyu mtoto?" Swali la haki kabisa lile, mimi pia ningeuliza. Dokta akamueleza kitaalamu, mzee anaangalia sakafu. Nikamwambia baba, hebu njoo, muite mwenyewe, mwambie ainue kichwa. Akamuita. Kijana akajaribu, shingo ikakataa, machozi yakamtoka. Mzee akavuta kiti akakaa. Nikamwambia mapafu yake mazima, moyo mzima, akili nzima, kilicholala ni misuli na hiyo itaamka, ila itachukua siku kadhaa, pengine wiki na zaidi, na kwa siku hizo lazima apumuliwe.

"Na isipoamka?"

Nikamwambia baba, kwa sumu hii misuli kwa kawaida huwa inarudi, wanaokufa wengi wanakufa kwa mambo mengine, nimonia inayoingilia kwenye mpira, au mpira umeziba usiku hakuna wa kuuzibua. Kwa hiyo ukitaka kuniuliza swali la maana niulize usiku huu nani anakaa naye. Akanitazama, akauliza, "nani anakaa naye?" Nikamwambia mimi. Akaweka dole gumba kwenye fomu ya kukubali.

Sasa hivyo vitu vidogo vidogo. Cha kwanza utacheka, ni futi ya fundi cherehani. Mtu akishaunganishwa lazima uiambie mashine kila pumzi iwe na ujazo gani, na ujazo huo haufuati kilo zake, unafuata urefu, maana mtu akinenepa mapafu hayanenepi. Hesabu yenyewe, mwanaume unachukua 50 unajumlisha 0.91 mara sentimita zilizozidi 152.4, mwanamke unaanzia 45.5 badala ya 50, jibu linalotoka ndo kilo za kutumia na kila kilo unaipa mililita 6. Mwanaume wa sentimita 170 anapata kama mililita 400, mwanamke wa 160 kama 315. Ukikisia kwa macho, hasa akiwa mama mnene mfupi, utampa pumzi ya mtu wa futi sita. Mwaka 2000 Marekani walitoa utafiti wa wagonjwa 861 wenye ARDS, ile hali ya mapafu kuvimba na kujaa majimaji, waliopewa mililita 12 kwa kilo walikufa karibu asilimia 40, waliopewa 6 walikufa 31. Mashine zile zile, ugonjwa ule ule, tofauti ni namba kwenye kioo, na hiyo namba inaanzia kwenye futi ambayo nimeinunua mwenyewe soko kuu na huwa naificha maana ikionekana inaondoka na mtu.

Sababu ni kwamba pafu la namna hiyo ni sega la asali lililoloweshwa, vyumba vya chini vimejaa, vya juu vichache ndo viko wazi, na hewa yote unayosukuma kwa nguvu inakimbilia vile vichache na kuvichana. Ndo maana pia tunawageuza kifudifudi, uzito wa moyo na majimaji uhame, vile vyumba vya mgongoni navyo vifunguke. Watu wakiona wanashangaa. Mama mmoja wa Nzega aliingia akasimama mlangoni, "mwanangu mmemlaza uso kwenye godoro, atapumulia wapi?" Nikamwambia mayu, anapumulia kwenye mpira, uso hauna kazi sa hivi. Hakuridhika, ila aliona monita ilivyopanda. Wafaransa ndo walioonyesha vizuri mwaka 2013, wagonjwa 466 wenye hali mbaya, waliogeuzwa angalau saa 16 kila mara walikufa asilimia 16 ndani ya siku 28, waliobaki chali asilimia 32.8. Hakuna dawa ya kununua hapo. Ni watu watano na mito, na mito ikikosekana vitenge vilivyoviringishwa, mmoja anakaa kichwani kushika mpira tu na huyo wa kichwani ndo anatoa amri hata kama wa miguuni ni dokta bingwa. Usiku watu watano unawatoa wapi? Unapita wodini kuomba. Unamuomba mlinzi, unamfundisha pale pale ashike nini na asiguse nini.

Mengine nayapitia haraka kwa sababu ukiyaandika yote yanachosha, na kuyafanya pia yanachosha. Kichwa cha kitanda kiinuliwe digrii 30 mpaka 45 ili vya tumboni visirudi vikaingia mapafuni. Meno yapigwe mswaki, kweli kabisa, mswaki wa kawaida, maana wadudu wa mdomoni ndo wanaoteremka kwenda kuleta nimonia. Macho yafungwe na kupakwa mafuta yake yasikauke, mtu aliyelala kwa dawa hafumbi vizuri. Kale kapuu ka kwenye mpira, kale kaputo ka hewa kanakouzunguka kule kooni, kajazwe sawasawa, kakilegea mate yanapita, kakibana sana kanaua nyama ya koo, na kukapima kwa kubonyeza kidole ni kujidanganya. Ageuzwe kila baada ya saa mbili. Makohozi yavutwe pale yanapohitaji kuvutwa, sio kwa kuwa saa imefika. Uji upite kwenye mpira wa puani, mwembamba, umechujwa, maana mama akileta uji wa lishe wenye karanga zilizosagwa nusu nusu mpira unaziba na tunaanza upya.

Kuna kitu kimoja nataka tukiongee kwa sababu kinatuhusu sisi weusi moja kwa moja. Kile kibanio cha kidoleni kinachosoma oksijeni, kinapitisha mwanga kwenye ngozi, na ngozi nyeusi inakidanganya, kinasoma juu kuliko ukweli. Desemba 2020 watafiti wa Michigan walilinganisha namba ya kibanio na kipimo cha damu yenyewe, wagonjwa ambao kibanio kilisema wako kati ya 92 na 96, kwa Wamarekani weusi asilimia 11.7 oksijeni ya damu yao ilikuwa chini ya 88, kwa weupe asilimia 3.6. Kama mara tatu. Hospitali nyingi za mikoani hicho kipimo cha damu hakipo au kipo na kemikali zake zimeisha, unabaki na kibanio na macho yako. Kwa hiyo ukinisikia kwenye repoti nasema "monita inasema 93 ila mtu mwenyewe simpendi", sio uchawi. Nimehesabu pumzi, nimeangalia mabawa ya pua, nimeangalia kama anamaliza sentensi. Na kama ni bibi harusi wa juzi mwenye hina nyeusi mpaka kwenye kucha, weka kibanio sikioni.

Tuje kwenye umeme. Ventileta ina betri ndani, ikiwa mpya inakupa nafasi ya kujipanga, ikishazeeka inalia kidogo inazima. Jenereta ipo, lakini kati ya umeme kukatika na jenereta kuwaka kuna kipindi, mwenye funguo yuko wapi, mafuta yamo au hayamo, na kipindi hicho mgonjwa hajui kwamba kuna kipindi. Unachomoa, unachukua ambu, ule mfuko wa kusukumia hewa, unabonyeza kwa mkono. Wanafunzi wakiogopa wanabonyeza haraka haraka na mfuko mzima, hewa inajazana kifuani haina muda wa kutoka, presha inashuka, wanaogopa zaidi wanaongeza kasi. Huwa nawaambia bonyeza, halafu hesabu mpaka sita kimoyomoyo, halafu bonyeza tena, na usibonyeze mpaka mikono ikutane. Tukipokezana hivyo gizani kwa tochi za simu, mmoja akichoka mwingine anashika, utani nao haukosekani, kuna kijana mmoja wa chuo alisema akirudi kwao atawaambia yeye ndo alikuwa ventileta.

Nikamwambia huko duniani wenzako walishakuwa ventileta kweli. Agosti 1952 Copenhagen kulikuwa na polio mbaya sana, hospitali ya Blegdam inapokea watu waliopooza misuli ya kupumua, mashine za zamani zile za kumfunika mtu kifua zilikuwa chache mno, na katika wagonjwa 31 wa mwanzo waliohitaji msaada huo walikufa 27. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, akapendekeza wafanye kama wafanyavyo chumba cha upasuaji, toboa koo, weka mpira, bonyeza mfuko kwa mkono. Wa kwanza alikuwa binti wa miaka 12, akapona. Wagonjwa wengine wakafuata, na wa kubonyeza wakatoka chuo cha udaktari, kama wanafunzi 1,500 kwa jumla, wanapokezana zamu usiku na mchana, wiki kwa wiki, kila mmoja kakaa kichwani kwa mgonjwa wake. Vifo vikashuka mpaka karibu robo. ICU hizi tunazozijua wengi wanahesabu zilianzia pale, na ukiangalia vizuri kilicholetwa pale Copenhagen sio mtambo mpya, ni mtu wa kukaa na mgonjwa.

Oksijeni nayo ina hesabu zake. Mtungi mkubwa una kama lita 6,800. Mgonjwa wa lita 10 kwa dakika anaumaliza kwa saa kumi na moja na kidogo, kwa hiyo ukiupokea umejaa saa mbili usiku, kabla hujakabidhi zamu asubuhi mshale uko kwenye nyekundu. Zile mashine ndogo za kutengeneza oksijeni kutoka hewani zinatoa lita 5, kubwa yake lita 10, nazo zinataka umeme. Mtu anayekuambia tuna ventileta muulize kwanza oksijeni yake inatoka wapi na kwa presha gani.

Na sitaki nionekane nabeza. Septemba 2021 IMF ilitoa ule mkopo wa dola milioni 567, serikali ikatengeneza mpango wa shilingi trilioni 1.3, watu wanaukumbuka kwa madarasa lakini humo humo zilitoka ICU, majengo ya dharura na mitambo ya oksijeni, na kuna watu wanatembea leo mitaani kwa sababu ya hela ile. Zamani mgonjwa wa namna hii tulikuwa tunaandika rufaa ya Bugando kule Mwanza, unampakia kwenye ambulansi na mtungi mmoja na maombi. Kwa hiyo nashukuru. Ila kitanda cha ICU ni rahisi kununua, unalipa kinakuja kwenye lori. Nesi wa ICU hauzwi. Uingereza kiwango chao ni nesi mmoja kwa mgonjwa mmoja aliye kwenye mashine. Mmoja kwa mmoja! Huku kuna naiti unao kadhaa, wa mashine na wasio wa mashine, na alamu zinalia pande mbili, unachagua ukimbilie ipi. Alamu ya presha kupanda, kohozi limeziba, mpira umekunjika au anaung'ata. Alamu ya presha kushuka, kitu kimechomoka. Mtu aliyechoka anachofanya ni kubonyeza kitufe cha kunyamazisha, na simlaumu sana, ila ndo vifo vinapoingilia hapo. Mgeni akija ICU neno la kwanza ninalomfundisha ni angalia mtu kabla ya kioo, na ukichanganyikiwa chomoa, shika ambu, bonyeza, halafu piga kelele.

Na kuna kubwa zaidi ya hilo. Mwaka 2025 yalitoka matokeo ya utafiti uliopita hospitali 180 kwenye nchi 22 za Afrika, wakahesabu waliolazwa, mmoja kati ya wanane alikuwa mahututi, na karibu saba kati ya kumi wa hao mahututi hawakuwa ICU, walikuwa wodi za kawaida. Walioshindwa kupumua, ni kama nusu tu waliokuwa wanapewa oksijeni. Oksijeni ya puani hiyo, hatujafika kwenye ventileta. Nikiambiwa nichague kati ya mashine mpya tano na manesi watano wa usiku wenye vibanio vya kidoleni na mitungi iliyojaa, sitafakari hata dakika. Najua mashine inapigwa picha vizuri zaidi.

Kumtoa mtu kwenye mashine nako ni kazi ya kukaa. Wanalazwa kwa ketamini au midazolamu ili wavumilie mpira, na kishawishi ni kuwaacha wamelala kwa sababu aliyelala hakusumbui. Chicago mwaka 2000 walijaribu kuzima dawa hizo kila siku asubuhi mpaka mtu azinduke, siku za kwenye mashine zikashuka kutoka 7.3 mpaka 4.9. Sasa mtu akizinduka ana mpira kooni na hajui yuko wapi, mkono wa kwanza unaenda kuuchomoa, kwa hiyo ama umfunge mikono kwa bandeji, ama ukae umshike mkono umwambie uko hospitali, mpira huu unakusaidia, nikunjie kidole kama unanisikia. Mimi nachukia kufunga. Nafunga, lakini nachukia. Akitulia unaipunguza mashine mpaka inamsaidia kidogo tu, unamwangalia apumue mwenyewe nusu saa mpaka saa mbili, jasho linamtoka, mapigo yanakimbia, bado, rudisha. Kesho tena.

Kijana wa sumu ilichukua zaidi ya wiki. Kila asubuhi namwambia inua kichwa, kila asubuhi anajaribu kwa nyusi tu. Halafu nyusi zikawa kidevu, kidevu kikawa kichwa, siku aliyokiinua akakiacha juu sekunde tano baba mdogo alikuwa mlangoni, akapiga kofi moja kubwa mlinzi akaja kuangalia kuna nini. Mpira ulipotoka sauti ilikuwa imekwaruzika kabisa, akaomba maji, nikaenda kuyachukua, akaniita tena. "Kwenye kikombe sista. Chupa sitaki."

Mkiwa na mgonjwa wenu kwenye mashine, njooni muongee naye, hata amelala, muiteni jina lake la nyumbani, msalimieni mwangaluka kama mnavyosalimiana siku zote, mwambieni mvua imenyesha na ng'ombe imezaa. Tuambieni kama alikuwa kiziwi sikio moja au anavaa miwani, maana tunaweza kudhani kachanganyikiwa kumbe haoni. Leteni mswaki, mafuta ya ngozi, kanga laini mbili tatu. Msimpe kitu chochote mdomoni, hata kijiko cha supu, hata akiomba kwa macho. Wachungaji na masheikh wanaruhusiwa, tunawaachia nafasi, ila mafuta ya upako tuelewane: oksijeni na mafuta havikai pamoja, cheche ndogo tu na kitanda kinawaka, kwa hiyo usoni, kifuani na karibu na mitungi hapana. Tumekubaliana na mchungaji mmoja wa Isevya anapaka miguuni, na anasema inafanya kazi vile vile.